Upande Usio na Daraja

Siku ile nilikuwa ghorofani kwa Bi Rukia, Kibokoni, nikipima roshani. Nilikuwa mchora ramani katika ofisi iliyoshughulikia majumba ya Mji wa Kale, na kazi yangu ilikuwa kuyapima kabla hayajaanguka: unene wa kuta za matumbawe, kimo cha milango, upana wa vyumba. Vyumba vya nyumba zile vyote ni vyembamba, kwa kuwa dari hushikwa na boriti za mikoko, na mkoko hauzidi urefu wake. Fundi wa zamani hakuweza kujenga chumba kipana kuliko boriti aliyoipata. Nyumba ya Bi Rukia ilikuwa na daka, ule ukumbi wa mbele ya mlango, lenye baraza mbili, mlango wa nakshi, na sebule ya juu yenye ukuta mzima wa zidaka, vile vishubaka vya kuwekea sahani za kaure. Mvua ilikuwa imekula kona moja ya roshani, na nilipima nikiwa nimeegemea ukuta.

Bi Rukia alikuwa mjane, anaishi na mwanawe wa kiume, Athman, aliyekuwa karani katika bandari ya Kilindini. Aliketi kwenye busati akichambua mchele, akinitazama na utepe wangu wa kupimia. Aliniuliza kama nikishaipima nyumba ndiyo itasimama zaidi. Nikamwambia hapana, lakini ikianguka tutajua ilivyokuwa. Akasema hilo nalo ni jambo. Nilipomaliza akanifungia mahamri katika kitambaa, ya kumpelekea mwanangu.

Alasiri nilikutana na mume wangu kwenye kivuko, kama kila siku. Mutua alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma katika karakana moja bandarini. Sisi ni watu wa Ukambani, huko bara, lakini tulikuwa tumekaa Mombasa miaka kadhaa, na tulipanga chumba Likoni, ng'ambo ya kusini. Asiyeijua Mombasa aelewe jambo moja. Mjini ni kisiwani. Kaskazini kuna daraja la kwendea Nyali. Magharibi kuna njia ya Makupa, ambako lori na garimoshi hupita kwenda bara. Kusini hakukuwa na daraja. Kulikuwa na feri, na feri ikisimama, Likoni inabaki peke yake.

Tulivuka tukiwa tumesimama katikati ya watu na baiskeli. Mutua alikula hamri moja akasema mtoto hatajua idadi. Nakumbuka kwamba nilicheka.

Uani kwetu kulikuwa na vyumba vinne. Kimoja kilikuwa chetu, na kilichotazamana nacho kilikuwa cha Mwanasha, mwanamke wa Kidigo aliyeachwa na mumewe, asiye na mtoto. Alishona makuti ya kuezekea na kuyauza, na mchana alinilelea binti yangu, Ndinda, aliyekuwa na miaka minne. Ndinda alikuwa akizungumza Kidigo kuliko Kikamba. Siku zile kulikuwa na maneno mtaani, kwamba watu wa bara wameambiwa waondoke. Mwanasha alikuwa amesema ni upuuzi wa vijana. Sisi pia tulisema hivyo.

Baada ya magharibi tulikuwa tunakula. Mutua alikuwa amempakata Ndinda, akimtolea miba ya samaki.

Mlio wa kwanza tulidhani ni gurudumu la lori limepasuka.

Wa pili ulipolia, Mutua aliweka sahani chini.

Mwanasha alikuja kwa mlango wa nyuma. Hakubisha. Alisema, "Mama Ndinda, nipe mtoto. Fuateni huku." Tukamfuata hadi kwenye banda lake la makuti, akampa Mutua mtoto, akatufunika kwa makuti makavu, akatoka, akafunga mlango.

Tulisikia nyayo nyingi. Tulisikia mtu akiuliza wako wapi watu wa bara. Mwanasha alijibu kwamba wameondoka tangu jioni.

Wakasema wataangalia bandani.

Mwanasha akasema bandani hakuna ila makuti yake.

Nikasikia pigo. Sikusikia ukelele.

Kisha mtu akawaita kutoka barabarani, wakaenda. Kabla ya kwenda walikitia moto chumba chetu. Moshi uliingia bandani. Mutua alikuwa ameweka kiganja chake juu ya kinywa cha Ndinda, na Ndinda hakulia hata mara moja. Baadaye madaktari waliniuliza kama mtoto alilia siku ile, na niliposema hapana waliandika kitu.

Alfajiri Mwanasha alitufungulia. Alikuwa amefunga mkono wa kulia kwa leso, na leso ilikuwa imekauka. Alikuwa ameinua mkono mbele ya mlango, na panga lilikuwa limechukua vidole viwili. Tulimwomba aje nasi. Alikataa. Alisema pale ni kwao na hakuna wa kumfukuza kwao. Aliutia mgongoni mwa Ndinda ule mkono mzima, akamsukuma kidogo kuelekea kwangu.

Tulikimbilia uwanja wa kanisa, ambako kulikuwa na watu wengi wameketi chini na magodoro yao. Feri ilipoanza tena kubeba watu, tukavuka. Kituo cha polisi kilikuwa kimevamiwa, maduka yalikuwa yanafuka moshi, na kila mtu alikuwa anatazama maji. Upande wa pili watu walitawanyika kwa jamaa zao. Sisi hatukuwa na jamaa kisiwani. Wengine walisema waende stesheni wapande garimoshi la bara. Mimi nilimwambia Mutua twende Kibokoni. Sikuwa na sababu kubwa. Nyumba ile niliijua chumba kwa chumba, na sikuweza kufikiri mahali pengine.

Bi Rukia alifungua mlango mwenyewe. Alimtazama Ndinda, aliyekuwa na masizi usoni. Akamkaribisha kwa Kimvita chake, "Ndoo, mwanangu. Ndoo ndani, usisimame mlangoni."

Alitupa chumba cha juu, chenye zidaka. Athman alileta magodoro. Hakuna aliyetuuliza tutakaa mpaka lini. Siku iliyofuata, baada ya swala ya alasiri, mzee mmoja wa mtaani alikuja kuketi barazani, akamwambia Bi Rukia kwa upole sana kwamba nyakati ni mbaya, na kuwaweka watu wa bara ndani ya nyumba kunaweza kuuletea mtaa matatizo. Nilikuwa ndani, nyuma ya mlango, nimesimama na ndoo ya maji. Bi Rukia alimwacha amalize. Akamwuliza habari za mgongo wake. Kisha akamwambia, "Hawa ni wageni wangu. Anayewataka, na aanze na mimi." Mzee akanywa kahawa yake akaondoka, na siku ya pili yake alituletea mkungu wa ndizi.

Vita viliendelea ng'ambo. Sisi tulivisikia kwa habari tu. Kutoka Kibokoni huoni Likoni. Athman ndiye aliyekuwa akituletea mambo kutoka bandarini: nyumba fulani zimechomwa, fulani amepatikana, fulani hajapatikana. Mutua alirudi kazini karakana ilipofunguliwa. Nami nilirudi kwenye kazi yangu, ambayo sasa ilikuwa chumba nilicholala. Ofisi haikuwa imeniita, lakini nilipima. Ndinda alinishikia ncha ya utepe. Hakusema neno kwa siku nyingi, si kwa Kidigo wala kwa Kikamba.

Ndipo Athman alipokuja na habari ya Mwanasha. Mtu wa Likoni alimwambia kwamba yule mshona makuti mkono umevimba hadi begani, ana homa, na majirani hawamwendei. Wale vijana walikuwa wamejua baadaye kwamba tulikuwamo bandani. Walimwita msaliti. Hakukuwa na mtu wa kumvusha kumleta hospitali.

Mutua alisikiliza mpaka mwisho. Athman alisema atakwenda yeye, kwa kuwa yeye ni Mswahili wa hapa na hawatamgusa. Mutua akasema nyumba zile za uani hazina namba wala jina, hataipata. Tena mwanamke mgonjwa habebwi na mtu mmoja.

Nilimwambia asiende. Nilisema mara moja tu, kwa sababu niliuona uso wake.

"Ule mkono ulikuwa mlangoni kwa ajili yetu, Mama Ndinda," alisema. "Nani mwingine wa kwenda?"

Bi Rukia hakumzuia. Alimvalisha kanzu ya Athman na kofia. Mutua alikuwa mrefu kuliko Athman, na kanzu ilimwishia juu ya vifundo vya miguu. Bi Rukia aliinama akafumua upindo chini ili ishuke kidogo, akamwombea dua. Ng'ambo kulikuwa kimya tangu siku mbili tatu, na ilikuwa mchana. Niliwatazama yeye na Athman kutoka juu, roshanini. Niliona kofia mbili zikipita kwenye uchochoro, na sikuweza kuona nyuso zao.

Walimpata Mwanasha. Hilo nilihadithiwa na Athman, na alinihadithia mara moja tu. Walimpata amelala, wakamwinua, Mutua akamshika upande mmoja na yeye upande wa pili, wakaja naye polepole wakipita nyuma ya nyumba. Walikuwa wamekaribia barabara ya kuteremkia feri.

Vijana watano au sita walitoka nyuma ya ukuta.

Walimtazama Mwanasha. Hawakumjua. Walimwuliza Athman atokako, akajibu, akatoa salamu, wakaitikia.

Wakamwangalia Mutua.

Athman akasema huyu ni ndugu yangu, twampeleka dada yetu hospitali.

Mmoja akasema, "Mwache aseme mwenyewe."

Mutua akawasalimia. Alitoa salamu yote, kama Bi Rukia alivyomfundisha. Lakini ulimi wa Ukambani haufichiki kwa kanzu. Athman alisema walitazamana, na ndipo Mutua alipomwachilia Mwanasha, akamwegemeza kwa Athman vizuri asianguke, akakimbia.

Alikimbilia majini. Feri ilikuwa upande wa pili, upande wa kisiwani. Mutua alikimbia mpaka ardhi ikaisha. Hakujua kuogelea.

Wale vijana walimfuata. Athman alisimama na mwanamke mgonjwa mikononi mwake. Kisha akateremka naye hadi kwenye kivuko, wakangoja feri pamoja na watu wengine, wakavuka.

Niliwaona wakiingia uchochoroni kwetu wakiwa wawili. Niliteremka ngazi. Nilimpokea Mwanasha kutoka kwa Athman, nikamketisha kwenye baraza ya ndani, nikamvua viatu. Mkono ulikuwa unanuka. Nilimwambia Athman amwite mtu wa gari ampeleke hospitali. Nilifanya yote hayo kabla sijauliza, na nilipouliza, Athman alikuwa ameketi chini ameshika kichwa, na jibu nilikuwa nalo.

Baada ya siku chache tulikwenda kumtafuta. Waliokuwa wakiokota maiti kwenye majabali ya pwani waliwaleta chumba cha maiti mjini. Mhudumu alinionyesha nguo kwanza, ili nisilazimike kutazama zaidi ya lazima. Alitandaza kanzu. Aliniuliza kama ni ya mume wangu.

Nikasema hapana.

Ilikuwa kweli. Mutua hakuwa na kanzu maisha yake yote, na ile ya Athman ilikuwa imenitoka akilini. Mhudumu akaikunja, akasema basi huyu anachukuliwa na watu wa msikiti leo wakamzike, kwa kuwa hakuna aliyejitokeza. Tulikuwa tumeshageuka kuondoka. Athman ndiye aliyesimama. Alinyoosha mkono tu kuelekea kwenye ile nguo, upindo wake wa chini uliofumuliwa.

Nikaomba wanionyeshe mikono. Mchomeleaji vyuma huwa na madoa madogo meupe kwenye mikono, cheche zinapomrukia. Ya Mutua niliijua.

Tulimzika kwao, Ukambani. Baba yake aliniuliza kwa nini alirudi kule alikokuwa ametoka. Nikamweleza habari ya Mwanasha. Mzee alifikiri, akauliza kama mwanamke huyo amepona. Nikasema anapona. Akatikisa kichwa, na hakuniuliza tena mpaka alipofariki.

Watu walidhani nitabaki bara. Nilirudi Mombasa, kwa sababu kazi ilikuwa huko, na Ndinda alikuwa amebaki kwa Bi Rukia na Mwanasha, aliyekuwa ametoka hospitali. Niliporudi nilimkuta anazungumza. Alikuwa amelala kwenye mapaja ya Mwanasha, anamwuliza kwa Kidigo kama vidole vitaota tena, na Mwanasha alikuwa anamwambia havitaota, si kama kucha.

Nilimaliza kuipima nyumba. Nilichora kila kidaka, na ofisini walisema ni mchoro mzuri. Sikumbuki nilihisi nini nilipokuwa nauchora. Nakumbuka kwamba penseli nilikuwa naichonga mno.

Mwanasha hakurudi Likoni. Wale waliomwita msaliti walikuwa wangali huko, na wengine walikuwa ni wa ukoo wake. Tulipata vyumba viwili Tononoka, hapa kisiwani, tukahamia pamoja. Alijifunza kushona makuti kwa vidole vilivyobaki, kisha akaacha, akawa anakaanga viazi karai jioni nje ya nyumba. Wanafunzi wa Tononoka walimwita Mama Ndinda kama walivyoniita mimi, na hatukuwa na haja ya kuwasahihisha.

Bi Rukia aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alipofariki nilikuwa miongoni mwa waliokaa nyumbani siku za matanga. Warithi walikuwa wengi, na nyumba ilikuwa imepasuka. Athman alinipigia simu akaniambia wameamua kuuza, na mnunuzi atajenga ghorofa za kupangisha. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayengoja kulaumiwa. Sikumlaumu. Ofisi yetu iliandika barua zake na barua hazikuzuia kitu. Nilikwenda siku mafundi walipokuwa wanabomoa. Walianza na roshani. Matumbawe hayaanguki kama mawe mengine, humomonyoka, na vumbi lake ni jeupe kama unga. Mlango wa nakshi ulikuwa umeshauzwa kwa mtu wa hoteli. Athman aliniambia nichague kitu cha kukumbukia. Nilitazama, na sikuona ninachokitaka.

Likoni sikwenda. Haikuwa nadhiri. Mwaka mmoja ulipita, ukapita wa pili, na kazi yangu ilikuwa upande huu. Watu wa Likoni waliendelea kulalamika habari ya feri, na kila baada ya muda ilisemwa kwamba litajengwa daraja. Kisha, miaka ile tulipokuwa tunavaa barakoa, likaja kweli: daraja la kuelea, la watembeao kwa miguu, kutoka Liwatoni hadi ng'ambo. Ndinda alikuwa mtu mzima, anafanya kazi hospitalini. Alisema twende. Mwanasha alisema yeye yuko tayari. Nikavaa viatu.

Daraja lilikuwa refu, na chini ya miguu lilicheza kidogo. Watu walikuwa wakienda haraka, wanawahi kazini. Sisi tulikwenda polepole kwa sababu ya magoti ya Mwanasha. Tulipofika katikati alishika ukingo akasimama kupumzika. Kulia kulikuwa na winchi za bandari. Alitazama upande wa Likoni kwa muda.

"Lau lingekuwako daraja siku ile," alisema, "Baba Ndinda angevuka."

Nilikuwa nimelifikiria hilo miaka mingi, kwa hiyo jibu lilikuwa tayari kinywani.

"Na wao wangevuka pia, Da Mwanasha. Usiku ule ule. Hawangengoja feri."

Aliachia ukingo, tukaendelea kutembea. Maji yale yaliyomzuia Mutua ndiyo yaliyowazuia wao, na nyuma ya maji, huko Kibokoni, ndiko Ndinda alikokuwa amelala siku zile zote. Siwezi kuyachukia na siwezi kuyashukuru. Nimejaribu yote mawili.

Tulifika ng'ambo. Mwanasha alituongoza, akakosea njia mara mbili, kisha akasimama mbele ya jengo la ghorofa tano lenye nguo zimeanikwa kila dirisha. Alisema ni hapa. Hatukuona kitu cha kuthibitisha. Mwanamke kijana aliyekuwa akifagia mlangoni alituamkia shikamoo, akatuuliza tunamtafuta nani. Mwanasha akamwambia hatumtafuti mtu, tulikaa hapa zamani. Akatuletea maji ya kunywa. Tulikunywa, tukamshukuru, tukarudi kwa njia tuliyojia.

Daraja lile halitumiki tena. Watu wamerudi kwenye feri na wanangoja daraja jingine, kubwa, la magari, ambalo nimeona michoro yake. Ni michoro mizuri.

Siku ile, njiani kurudi, Ndinda alitangulia mbele yetu, anatembea kwa mwendo mrefu wa baba yake. Mwanasha aliniambia mtoto amekuwa mkubwa. Nikasema ndiyo. Mwaka ule ndio uliokuwa mwaka Ndinda alipompita Mutua kwa umri.